Lenzi Pana ni Pana kwa Lipi? Tahakiki ya Istilahi Nne za Upigaji Picha

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mbele ya wakuzaji wa istilahi, zipo zinazoonekana ndogo hata mtu akadhani kwamba zaweza kumalizwa kwa kikao kimoja cha alasiri. Orodha ya istilahi za upigaji picha ni mojawapo. Tulipoletewa rasimu ya orodha hiyo ili tuitolee maoni, tuliisoma mara ya kwanza kwa haraka, tukaona kwamba maneno yake ni mafupi, yanatamkika vizuri, na hayana dosari ya sarufi. Tulipoisoma mara ya pili, tukiwa na lenzi mkononi, tuliona kwamba manne kati ya maneno hayo yanasema jambo ambalo silo. Nayo ni haya: lenzi pana, urefu wa lenzi, lenzi ya kasi, na hasara ya lenzi. Yote manne yanakutana katika lenzi zinazotumiwa kupigia picha mahali penye nafasi finyu, na yote manne yanaficha ukweli mmoja, yaani kwamba katika lenzi za namna hiyo udogo wa umbo, wepesi wa uzito na wingi wa nuru havipatikani vyote pamoja kwa kadiri mtu apendavyo.

Nia yetu si kuwabeza waliotunga rasimu, kwani kazi yao ni ngumu na shukrani zake ni chache. Lakini ubaya wa istilahi hauonekani ikiwa imelala katika orodha. Huonekana siku mtu anapoitegemea ili afanye uamuzi.

Siku hiyo tumekwisha kuiona. Miaka michache iliyopita tulishuhudia ofisi moja, ambayo hatutaitaja, ikiandaa zabuni ya vifaa vya kupigia picha majengo ya kale. Karani aliyeandika mahitaji aliandika: “Lenzi pana, moja.” Mwuzaji akaleta lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 85, nzito, ghali, na yenye kioo cha mbele kilichojaa kiganja. Kwa maana ya kawaida ya neno, lenzi hiyo ilikuwa pana kweli. Lakini mpiga picha aliposimama mita 3 mbele ya ukuta, kamera ilimwonyesha sehemu ya ukuta yenye upana wa mita 1.27 tu. Mwuzaji hakudanganya, na karani hakukosea lugha. Lililokosea ni neno, na fedha zilikuwa zimekwisha kulipwa.

1. Lenzi pana

Kivumishi “-pana” katika lugha yetu hueleza umbo la kitu chenyewe. Tukisema mto mpana, barabara pana au mkeka mpana, tunataja kipimo cha mto, barabara na mkeka. Hivyo basi, asikiaye “lenzi pana” ana haki kamili ya kufikiri kwamba anaelezwa kipimo cha lenzi. Kumbe anayetajwa hapo ni mwono, yaani eneo la mbele ya kamera linaloweza kuingia katika picha.

Kwa hakika lenzi moja ina mapana matatu, na ni lazima yatofautishwe. Upo upana wa mwono. Upo upana wa njia inayopitisha nuru. Na upo upana wa kioo cha mbele. Mapana haya hayaendi pamoja. Mwaka 2010 kampuni ya Nikon ilitoa lenzi mbili zenye uwezo sawa wa kupokea nuru, moja ya milimita 24 na nyingine ya milimita 85. Zote mbili hufungwa kichujio cha mbele chenye kipenyo kile kile, milimita 77. Anayetazama vioo tu ataziona kuwa ndugu wa tumbo moja. Lakini katika kamera ya picha ya milimita 24 kwa 36, ile ya kwanza huona pembe ya nyuzi 84, ikipimwa kutoka kona moja ya picha hadi kona inayoikabili, na ile ya pili huona nyuzi 28 na nusu tu.

Mfano wa karibu zaidi utalidhihirisha jambo hili. Mpiga picha anasimama katika kichochoro cha Mji Mkongwe wa Unguja, mgongo wake umegusa ukuta wa nyumba ya upande wa pili, na mbele yake, mita 3, uko mlango wa nakshi. Hana pa kurudi nyuma. Akiisimamisha kamera wima na kutumia lenzi ya milimita 50, ataona kimo cha mita 2.16, na kizingiti cha juu, chenye nakshi iliyo bora kuliko zote, kitakatwa. Akitumia lenzi ya milimita 24, ataona kimo cha mita 4.5, na mlango wote utaingia pamoja na ukuta unaouzunguka. Kilichomsaidia si upana wa lenzi, bali ni upana wa pembe anayoonea.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza “lenzi ya pembe pana”. Neno hili wapo wanaolitumia tayari, nalo lina sifa moja kubwa: kivumishi kimekaa karibu na nomino kinayoivumisha.

2. Urefu wa lenzi

Waandishi wa rasimu wameliacha neno “fokasi” ili kufupisha. Twaona kwamba wamekata tawi walilolikalia. Urefu wa fokasi, kwa lenzi sahili, ni umbali kutoka kwenye lenzi hadi mahali ambapo miale sambamba ya nuru hukutana. Urefu wa lenzi ni jambo jingine. Hupimwa kwa rula, tena huamua kama lenzi itaingia katika mkoba au haitaingia.

Kampuni ya Sony inazo lenzi mbili zenye urefu wa fokasi wa milimita 24. Moja, iliyotolewa mwaka 2018, ina urefu wa umbo wa milimita 92.4. Nyingine, ya mwaka 2021, ina milimita 45. Kwa mujibu wa rasimu, zote mbili zina “urefu wa lenzi” wa milimita 24, kipimo ambacho hakipatikani kwa rula katika lenzi yoyote kati ya hizo. Mwalimu atakayelifundisha neno hili atalazimika kuwaambia wanafunzi wake wasiamini macho yao.

Zaidi ya hayo, tofauti kati ya marefu haya mawili ndiyo mlango wa kuielewa historia nzima ya lenzi za pembe pana. Lenzi sahili yenye urefu wa fokasi wa milimita 24 hutakiwa ikae milimita 24 tu mbele ya filamu. Lakini kamera inayomwonyesha mtumiaji picha kupitia lenzi yenyewe ilikuwa na kioo cha kuakisi kilichopinduka ndani yake, nacho kilidai nafasi. Katika kamera za Nikon za mtindo ulioanza mwaka 1959, umbali kutoka mahali lenzi inapofungwa hadi kwenye filamu ni milimita 46.5. Lenzi ilitakiwa isimame mbali, na papo hapo ifanye kazi ya lenzi iliyo karibu.

Njia ya kulitatua fumbo hilo ilijulikana sana baada ya mwaka 1950, pale Pierre Angénieux wa Ufaransa alipotoa lenzi ya milimita 35 aliyoiita Retrofocus. Ndani yake lenzi mbonyeo kubwa huwekwa mbele ili kutawanya miale, na kundi la lenzi mbinuko huwekwa nyuma ili kuikusanya tena, na kwa hiyo fokasi husogea nyuma zaidi. Njia hiyo ilifaulu, lakini ilihitaji vioo vingi na vikubwa. Wengine walishika njia tofauti. Ludwig Bertele aliisanifu Biogon ya pembe pana ambayo nusu zake mbili zinakaribia kulingana, na ambayo kioo chake cha nyuma hukaribia kuigusa filamu. Umbo lilikuwa dogo na picha zilikuwa safi, ila kioo cha kuakisi hakikuwa na pa kupindukia. Lenzi ya Nikon ya milimita 21 ya mwaka 1959 ilifuata njia kama hiyo. Aliyeitumia alilazimika kukiinua kioo hicho na kukifunga juu, kisha aangalie kupitia kitazamio cha pembeni.

Siku hizi kamera nyingi mpya hazina tena kioo cha kuakisi. Umbali tuliousema umepungua hadi milimita 18 katika kamera za Sony za mtindo ulioanza mwaka 2010, na milimita 16 katika kamera za Nikon za mtindo ulioanza mwaka 2018. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba sehemu ya ukubwa wa lenzi za zamani ilikuwa kodi iliyolipwa kwa kioo. Tunasema sehemu, kwa kuwa vihisi vya nuru vilivyochukua nafasi ya filamu havipendi miale inayowaangukia kwa mshazari mkali, na kwa hiyo wasanifu hawakuweza kurudi moja kwa moja kwenye njia ya Bertele. Hakuna hata moja ya mambo haya linaloweza kuelezwa kwa istilahi inayochanganya urefu wa fokasi na urefu wa umbo.

3. Lenzi ya kasi

Istilahi ya tatu imechukuliwa neno kwa neno kutoka lugha ya kigeni. Huko, lenzi inayopokea nuru nyingi iliitwa ya kasi kwa sababu ilimruhusu mpiga picha kulifungua na kulifunga pazia la kamera kwa muda mfupi zaidi. Kasi hiyo ni ya pazia, wala si ya lenzi. Na nuru yenyewe haiongezi mwendo kwa kufunguliwa njia kubwa zaidi. Hatari imeongezeka siku hizi, kwani lenzi nyingi zina mota ndani yake inayotafuta fokasi. Msomaji wa Kiswahili akiambiwa “lenzi ya kasi” ataelewa kwamba mota yake ni nyepesi, na tafsiri itakuwa imempeleka duka lisilo lake.

Kwa jambo lenyewe rasimu inatumia neno “tundu”. Neno hili si baya, lakini lina upungufu. Tundu ni tobo lolote, nalo lina kipimo kimoja tu. Halina tabia ya kupanuka na kusinyaa. Kadhalika, kipimo kinachoandikwa kwenye lenzi si kipenyo cha tobo la ndani kama lingetolewa nje na kupimwa. Ni kipenyo cha tobo hilo kama linavyoonekana kwa mbele, kupitia vioo vilivyolitangulia.

Tunalo neno linalobeba maana zote mbili, nalo ni “mboni”. Kila aliyefuga paka amekwisha kuona jinsi mboni za macho yake zinavyokuwa kama uzi wakati wa jua la mchana, na zinavyojaa jicho zima usiku. Tena mboni tunayoiona ndani ya jicho la mwenzetu tunaiona kupitia sehemu ya mbele ya jicho iliyo angavu, sawasawa na tobo la lenzi linavyoonekana kupitia kioo. Hivyo tunapendekeza “mboni ya lenzi”, na badala ya “lenzi ya kasi” tunapendekeza “lenzi ya mboni kubwa”.

Inabaki namba yenyewe, ambayo imewapotosha wafasiri wengi. Lenzi ya 1.4 ina mboni kubwa kuliko lenzi ya 2.8, na msomaji hushangaa kwa nini namba ndogo inataja kitu kikubwa. Sababu ni kwamba namba hiyo si kipimo bali ni kigawanyo. Urefu wa fokasi ukigawanywa kwa namba hiyo, jibu ni kipenyo cha mboni. Milimita 24 zikigawanywa kwa 1.4 hutoa milimita 17.1, na zikigawanywa kwa 2.8 hutoa milimita 8.6. Kila mnunuzi wa sukari anajua kwamba 4 ni kubwa kuliko 2, lakini robo kilo si kubwa kuliko nusu kilo. Namba hii ikiitwa “kigawanyo cha mboni”, nusu ya maelezo ya mwalimu itakuwa imekwisha kufanywa na jina lenyewe.

4. Hasara ya lenzi

Rasimu inasema kwamba ukubwa na uzito ni “hasara” za lenzi fulani, na wingi wa nuru ni “faida” yake. Hapa ndipo tunapotofautiana nayo zaidi. Hasara ni kitu ambacho mtu angekiepuka kama angekuwa mwangalifu. Uzito tunaouzungumzia hauepukiki kwa uangalifu, kwa kuwa ni bei ya kitu kingine kilichopatikana.

Na tuangalie bei yenyewe. Kampuni ya Canon ilitoa mwaka 2008 lenzi ya milimita 24 yenye kigawanyo cha 1.4, uzito wake ni gramu 650. Mwaka 2012 ikatoa nyingine ya milimita 24 yenye kigawanyo cha 2.8, uzito wake ni gramu 280. Katika lenzi za Sony tulizokwisha kuzitaja, ile ndefu ina kigawanyo cha 1.4 na uzito wa gramu 445, na ile fupi ina 2.8 na gramu 162. Katika jozi zote mbili, mwenye kubeba lenzi nzito anapata nuru mara nne ya mwenzake, na analipa kwa uzito unaozidi mara mbili.

Kwa nini bei ni kubwa hivyo, na hali mboni yenyewe haifiki hata milimita 18? Jibu liko katika pembe. Miale ya katikati huingia moja kwa moja, lakini miale inayokwenda kwenye kona za picha huingia kwa mshazari wa nyuzi 42. Kioo cha mbele hakina budi kiwe kikubwa ili kiipokee miale hiyo na kuifikisha kwenye mboni. Hata hivyo nuru hupungua. Katika lenzi sahili nuru ya pembeni hufuata kipeo cha nne cha kosaini ya mshazari, maana yake ni kwamba kwenye kona hubaki takriban asilimia 30 tu ya nuru ya katikati. Aidha, mboni ikipanuliwa, makosa ya vioo yaliyokuwa yamefichika hujitokeza, na nyota za kwenye kona huonekana kama ndege waliokunjua mabawa. Ili kuyasahihisha hayo huongezwa vioo, na kila kioo kina uzito wake.

Hapa hakuna hasara. Kuna sifa tatu zinazovutana kama mafiga matatu chini ya chungu. Ukilisogeza moja, chungu huinama, na huna budi uyasogeze na mengine. Kwa dhana hii tunapendekeza “mvutano wa sifa”. Neno hasara humfanya mtu atafute lenzi isiyo na hasara, ambayo haipo. Neno mvutano humfanya ajiulize kazi yake inahitaji nini.

Swali hilo lina jibu lake. Anayepiga picha za mkutano wa usiku katika ukumbi wenye taa hafifu, au za nyota, anahitaji mboni kubwa, na uzito ataubeba kwa moyo mmoja. Anayepiga picha za majengo mchana ataweka kigawanyo cha 8 ili picha iwe safi kutoka mbele hadi nyuma. Katika kigawanyo hicho lenzi zote mbili za Canon zina mboni ya milimita 3 kamili, na gramu 370 za ziada zimebebwa kutwa nzima bure. Ofisi tuliyoisimulia ilikuwa katika kundi hili la pili.

5. Pingamizi

Tunatambua kwamba mapendekezo yetu yatapata wapinzani, na baadhi ya hoja zao zina uzito.

Watasema kwanza kwamba istilahi zetu ni ndefu. Ni kweli. Lakini ufupi ni sifa ya istilahi pale tu maana inapokuwa imekwisha kubebwa. Neno fupi lililoacha maana njiani ni kama mchukuzi aliyefika mapema bila mzigo.

Watasema pili kwamba mboni ni neno la waganga wa macho. Tunajibu kwamba neno moja kutumika katika fani mbili kwa kazi ile ile si utata. Lenzi yenyewe ni ya jicho na ni ya kamera, na hatujasikia mgonjwa aliyepewa kamera kwa sababu hiyo.

Watasema tatu kwamba mafundi wa studio za picha wana maneno yao, na kwamba hatukuwauliza. Hoja hii tunaikubali bila masharti. Kabla ya orodha kupitishwa, maneno yao yakusanywe, Bara na Visiwani, na kama wanalo neno linalozidi mboni kwa uwazi, sisi tutakuwa wa kwanza kuliondoa letu. Istilahi iliyotungwa mezani haina haki ya kuliua neno linaloishi na kufanya kazi yake vizuri.

Basi tunaiomba kamati husika iyapime mapendekezo haya matano: lenzi ya pembe pana, urefu wa fokasi, mboni ya lenzi, kigawanyo cha mboni, na mvutano wa sifa. Kipimo tunachokipendekeza si uzuri wa maneno masikioni. Ichukuliwe ile zabuni ya ofisi na iandikwe upya: “Lenzi ya pembe pana, moja, urefu wa fokasi, milimita 24, kigawanyo cha mboni, 2.8, uzito usiozidi gramu 300.” Kisha apewe mwuzaji yeyote. Akileta tena lenzi ya milimita 85, kosa litakuwa lake.